Mtaji Wenye Miguu na Mtaji wa Shambani



Nimeombwa niseme juu ya machafuko ya kisiasa na uwekezaji. Wengi wetu tukisikia neno "mwekezaji" humfikiria mgeni mwenye mkoba wa fedha. Mimi naanza na mwingine: mkulima wa Uasin Gishu ambaye, Desemba 2007, alikuwa na mahindi ghalani, ng'ombe wawili zizini na deni la mbolea.

Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 mwezi huo, Kenya iliwaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Hoteli za Pwani zilibaki tupu, wafanyakazi wakaachishwa kazi. Kule Naivasha wachumaji wa maua walikimbia majuma machache tu kabla ya Februari 14, siku ambayo Ulaya hununua maua kwa wingi. Maua yalisindikizwa na polisi hadi uwanja wa ndege. Nani aliwasindikiza wachumaji, sijasikia. Reli iling'olewa Kibera, na petroli ikaadimika hadi Kampala na Kigali, kwa watu wasiopiga kura yoyote Kenya.

Sasa tazameni jinsi kila sekta ilivyoinuka. Mapatano yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Mwezi mmoja baadaye hisa za Safaricom zilianza kuuzwa kwa umma, na hisa zilizoombwa zilizidi mara kadhaa zile zilizotolewa. Fedha ina miguu: hukimbia upesi, hurudi upesi. Hoteli nazo zilikuwa bado zimesimama, zikingoja wageni. Lakini shamba haliwezi kukimbia pamoja na mwenyewe. Watu walipopanga foleni kununua hisa, mkulima wetu alikuwa hemani, na mvua za kupandia zikampita. Mwezi Mei serikali ilianza kuwarudisha wakimbizi wa ndani, ikiahidi shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyebomolewa nyumba. Enyi wafugaji mlio hapa, semeni wenyewe kama fedha hizo zingerudisha ng'ombe wawili wa maziwa, ghala na mbegu.

Hati nyingi ziliungua pamoja na nyumba. Kwa hiyo nawasihi viongozi wa jumuiya ndogondogo: kabla ya kila uchaguzi, kila kaya iandike mali yake, ikiwamo cherehani na kibanda cha mboga, na nakala ihifadhiwe parokiani.