VIKOMBE VYA USUKANI KWA BAISKELI KUUKUU
(Maneno tuliyosema sisi wa reli mbele ya wanachama, Kosele)

Tumeombwa kusema juu ya vikombe vya usukani, kwa maana wako wenzetu ambao bado huja kazini kwa zile Raleigh nyeusi walizoachiwa na wazee wao. Na mtu akipakia gunia la viazi vitamu kwenda soko la Oyugis, shingo ya baiskeli hupata taabu kubwa.

Inua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole. Ukinata katikati kana kwamba umeingia shimoni, gololi zimechimba vikombe. Tena shika breki ya mbele, usukume baiskeli mbele na nyuma, ikigonga, imelegea. Kulegea huponywa kwa spana. Shimo haliponi, ni vikombe vipya.

Hapo ndipo hasara huanza. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham, Uingereza, kilikata nyuzi za bomba la uma kwa kipimo chake chenyewe, nyuzi 26 katika inchi 1. Viwanda vingine vingi vilikata 24. Unene wa bomba ni ule ule, inchi 1, kwa hiyo nati ya 24 hukubali kushika uma wa 26: mzunguko wa kwanza waenda vizuri, kisha yakaza. Fundi mwenye haraka husema, "Ngoja, itaingia," akaleta spana ndefu. Itaingia kweli, lakini kwa kula nyuzi. Siku ya mteremko na mzigo nati hiyo hulegea, usukani ukayumba. Na uma ulioliwa nyuzi haurudi. Nati ni fedha kidogo, uma ni fedha nyingi.

Muuzaji akisema zote ni saizi moja, hasemi uongo juu ya unene. Amesahau nyuzi tu.

Basi fanyeni hivi. Safisheni bomba kwa mafuta ya taa, mweke rula kando yake, mhesabu nyuzi za nusu inchi: 13 ni ile ya Raleigh, 12 ni ile ya kawaida. Msitazame nembo ya fremu peke yake, kwa maana huenda uma ulikwisha kubadilishwa zamani. Nendeni dukani na vikombe vyote vya kale, nati, pete ya chini na gololi mfukoni. Pete ya chini nayo ina ujanja wake: baadhi ya uma zina kiti cha milimita 26.4, nyingine 27.0. Tofauti hiyo jicho halioni, lakini pete ndogo haikubali kukaa, na kubwa hucheza. Pimeni pia kimo cha vikombe vyote pamoja. Vikiwa virefu mno, nati ya juu hukosa nyuzi za kushika.

Msipopata za 26, yafaa kujua kwamba vikombe vya chini ndivyo huchakaa zaidi. Kama kikombe cha juu na nati yake ni vizima, vibakizeni, mnunue vya chini, ambavyo havina nyuzi, na gololi mpya na grisi. Kikombe kipigwe kwa ubao juu yake, si kwa nyundo tupu.

Katika karakana za reli hakuna afungaye nati asiyoijua nyuzi zake. Kipimo cha nyuzi ni kitu kidogo, chenye majani mengi kama kisu cha kukunja. Twaomba tawi linunue kimoja, kikae kwa katibu, na kila mwanachama akiazime kabla ya kwenda dukani.