Neno Moja la Kiswahili, Mawili ya Kiingereza



Nataka kunena nanyi juu ya maneno mawili madogo ya Kiingereza ambayo kila mtoto wa shule huyajua, nayo ni "hit" na "beat". Mtoto akiulizwa maana yake hujibu pasipo kufikiri: "Kupiga." Jibu hilo si baya, lakini ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki yaweza kumpotezea mtu haki yake mbele ya hakimu, na kwa sababu hiyo yafaa tuichungue pamoja.

Kwanza tulitazame neno letu wenyewe. "Kupiga" ni neno lenye kazi nyingi mno. Twapiga hodi, twapiga magoti, twapiga pasi, twapiga simu, twapiga kura. Hata kukataza twakupiga: tangu mwaka 2001 adhabu ya viboko imepigwa marufuku katika shule za Kenya. Katika hayo yote hakuna aliyeumizwa. Tena mtu anaposema, "Fulani alinipiga," neno lenyewe halituambii kama alipigwa mara moja au mara 20, kwa kofi au kwa rungu. Kiswahili huacha mlango wazi, ili msemaji aongeze mwenyewe habari iliyobaki.

Kiingereza humtaka msemaji achague tangu mwanzo. "Hit" ni habari ya kitu kufika mahali na kugusa kwa nguvu. Neno hili liliingia katika Kiingereza zamani sana, kutoka lugha ya watu wa Skandinavia waliokwenda kukaa Uingereza, na kwao maana yake ilikuwa kukuta kitu au kukifikia. Asili hiyo ingali yaonekana. Jiwe lililorushwa likimpata mtu, hiyo ni "hit". Mshale ukifika kwenye shabaha, ni "hit". Gari likimgonga mtu njiani, ni "hit", hata kama dereva hakukusudia. Msiba nao ukiifikia nchi, wasemao Kiingereza hutumia neno lilo hilo, kama vile mvua za El Niño zilipoikumba Kenya mwaka 1997. Basi "hit" husema kwamba pigo limefika. Mara nyingi ni pigo moja, wala si lazima liwe la kusudi.

"Beat" ni kupiga na kurudia kupiga. Ngoma ipigwayo, moyo udundao kifuani, mayai yapigwayo na mpishi katika bakuli, mkeka upigwao kwa fimbo ili vumbi litoke: yote hayo ni "beat". Kwa hiyo mtu akisemwa kwamba alitendwa hivyo, msikilizaji huona mbele ya macho yake mapigo mengi, tena ya kusudi.

Neno hilo la pili lina maana nyingine pia, nayo ni kushinda. Ikisemwa kwa Kiingereza kwamba timu fulani ilikuwa "beaten", hakuna aliyeshika fimbo. Timu ilifungwa mabao tu. Sisi nasi twasema, "Tumepigwa mabao matatu," na hakuna akimbiaye kumwita daktari.

Mchezo wa ngumi hutuonyesha maneno yote mawili kwa pamoja. Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki mjini Seoul, Mkenya Robert Wangila alipambana katika fainali na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Ngumi za Wangila zilipomfikia mwenzake, hiyo ilikuwa "hit". Boudouani alipoangushwa katika raundi ya pili, na medali ya dhahabu ikaja Kenya, hiyo ilikuwa "beat". Wazee wetu walikwisha kuipambanua tofauti hiyo waliposema kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Ukuta hufikiwa na ngumi, lakini haushindwi.

Basi mwanafunzi asiandike kwamba gari lilim-"beat" mtu barabarani. Msomaji atadhani kwamba gari na mtu walishindana mbio, na gari likatangulia. Tena akumbuke kwamba "hit" haligeuki kamwe kwa habari ya jana, lakini "beat" huwa "beaten" kwa yule aliyetendwa.

Sasa twende mahakamani, maana huko kosa la neno si jambo la kucheka. Kwa sheria ya Kenya lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo mara nyingi shahidi hunena kwa lugha moja, na maneno yake huandikwa kwa lugha nyingine. Katikati yao husimama mkalimani.

Tuseme shahidi anasema, "Alinipiga," na mkalimani anatia "beat". Hakimu anaandika. Kisha wakili wa upande wa pili anauliza, "Ulipigwa mara ngapi?" Shahidi anajibu kwa uaminifu, "Mara moja, kwa ngumi." Papo hapo anaonekana kuwa mtu wa kuongeza chumvi, hali yeye hakuongeza hata chembe. Tuseme tena kwamba mwanamke aliyepigwa kwa fimbo tangu jioni mpaka usiku wa manane anasema neno lile lile, "Alinipiga," na mkalimani anatia "hit". Mateso ya saa nyingi yamegeuka kuwa pigo moja katika karatasi.

Uzito wa jambo hili waonekana katika sheria yenyewe. Shambulio la kawaida, katika kifungu cha 250 cha Kanuni ya Adhabu, laweza kumfunga mtu hata mwaka 1. Shambulio lenye kuleta madhara mwilini, kifungu cha 251, hata miaka 5. Madhara makubwa, kifungu cha 234, hata maisha. Ni kweli kwamba hakimu hahukumu kwa neno moja. Yuko daktari aliyejaza fomu ya P3, na wako mashahidi wengine. Lakini fomu husema jeraha lilivyo, na mashahidi wengine huenda hawakuwapo. Neno la aliyepigwa ndilo lisemalo mambo yalivyotukia.

Dawa yake ni nyepesi, nayo imo katika Kiswahili chetu. Tunayo maneno ya kutosha: kuzaba kofi, kupiga konde, kupiga teke, kuchapa, kucharaza, kugonga. Mtu akienda kituo cha polisi au akisimama mahakamani, asitosheke kusema "Alinipiga." Na aseme alipigwa kwa nini, mara ngapi, na mahali gani pa mwili. Akisema, "Alinizaba kofi moja shavuni," au, "Alinichapa kwa fimbo mgongoni mara nyingi hata sikuweza kuhesabu," mkalimani hana la kubahatisha.

Na mkalimani naye, asipojua ni pigo moja au mengi, aombe ruhusa ya hakimu amwulize shahidi kabla ya kufasiri. Kuuliza si aibu kwake. Ni sehemu ya kazi yake. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Haki hiyo haikamiliki kwa kuwa na mtu wa kusema tu. Yataka mtu wa kusema sawasawa, kwa faida ya mshtakiwa na ya mshtaki pia.