Kabla ya kura ya inchi kuna kura ya chama
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Mwezi wa Mei 1960, Kongo ilipochagua wabunge wake, watu walikuta majina yamekwisha kuandikwa kwenye listi. Mwezi ule ule, huko West Virginia katika Marekani, wachimba makaa ya mawe waliulizwa na chama chao cha Demokrati: nani asimame kwa jina letu tupate kumtoa Rais?

Mabwana wawili walikuja kuwaomba. Kennedy alikuwa mtoto wa tajiri, tena Mkatoliki mahali penye Wakatoliki wachache. Humphrey alikuwa rafiki wa zamani wa vyama vya wafanyakazi, lakini feza yake ilikuwa kidogo. Kennedy alikwenda mpaka kwenye milango ya migodi, akashika mikono yenye vumbi la makaa. Alimleta mtoto wa Roosevelt, kwani jina la baba yule lilipendwa na wafanyakazi. Juu ya dini yake alijibu wazi katika televisheni. Tena alitoa feza nyingi. Humphrey alizunguka na basi lake. Tarehe 10 Mei Kennedy alipata kura karibu 61 kwa 100, Humphrey akajitoa.

Ndugu, kushikana mikono, jina kubwa na feza, vyote vinapita. Lakini watu wale walimwonyesha njaa yao, na kazi zilizochukuliwa na mashini. Akaahidi chakula. Tarehe 21 Januari 1961, siku ya pili ya utawala wake, amri yake ya kwanza iliongeza chakula cha maskini. Mwezi wa Mei 1961 tiketi za kwanza za chakula zilitolewa kule McDowell, wilaya ya migodi. Kazi zilizopotea hazikurudi; lakini ahadi ya chakula watu waliweza kuipima mezani kwao.

Basi, anayetaka jina lake liandikwe kwenye listi ya chama chetu, aje kwanza mbele yetu. Bia yake na vitambaa vyake abaki navyo. Tumuulize juu ya mshahara, maji na shule: utafanya nini, na siku gani? Jibu lake tuliandike, tulitunze.

Mtu anayekimbia maulizo ya wanachama wake leo, kesho akiwa mkubwa atamjibu nani?