Mkono wa Kutwangia Sombe



Mama akitwanga sombe, mchi hupanda juu ya kichwa ndipo ushuke. Mvuvi akivuta wavu wa ndagala, bega ndilo linalokesha. Sasa bega hilo likatae kuinuka miezi mitatu, tangu siku ya chanjo.

Sisemi chanjo ni mbaya. Surua imetuzikisha watoto wa kutosha. Nasema juu ya sindano iliyochomwa juu mno. Mahali pake ni kwenye nyama ya mkono, vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa bega. Lakini foleni ni ndefu, blauzi inabana, mama anavuta kola kando badala ya kuutoa mkono wote nje, na sindano inaishia kwenye kiungo. Maumivu ya kawaida hupoa baada ya siku mbili tatu. Haya ya kiungo huanza ndani ya saa 48, kisha huweza kukaa miezi.

Marekani iliingiza jeraha hilo mwaka 2017 katika orodha ya madhara yanayolipwa fidia. Aliyeumia hadaiwi kuthibitisha kosa la muuguzi. Fedha hutoka kwenye kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Sisi huku Kongo tuliwekewa mfuko wa COVAX, wa chanjo za korona tu, Februari 2021, pamoja na nchi nyingine 91. Huo ulitaka mtu alazwe hospitali na abaki na kilema cha kudumu, au afe. Mama aliyegandwa bega nyumbani kwake hakuhesabiwa. Mimi naiita dhuluma, maana huku kwetu mkono ndio shamba, ndio mtumbwi.

Imebaki sheria yetu ya kiraia, kitabu cha tatu, ya tangu 1888. Kifungu cha 258: aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake, alipe. Cha 260 kinamgusa na mwajiri wake. Ila hapo kosa unalithibitisha wewe mwenyewe, na wakili hashiki kesi isiyo na karatasi.

Wabunge wa Fizi, tunawadai mfuko wetu, usiomlazimisha mgonjwa kumshtaki muuguzi. Nanyi wauguzi wetu, kaeni chini mnapochoma, naye anayechomwa akae. Andikeni kwenye kadi tarehe, namba ya chupa, na mkono uliochomwa. Kama kadi haina nafasi, pembeni panatosha: wa kushoto, au wa kulia.