Matatizo ya Kumwandikia Mwananchi Habari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa kusema machache juu ya kazi ya kuwaandikia watu habari. Wengi hudhani ugumu wake ni Kiswahili fasaha. Kiswahili ni lazima, lakini tatizo la kila siku ni jingine: anayetoa habari na anayeisoma hawatafuti jambo moja.

Chukueni mfano wa uzinduzi wa kisima. Ofisi iliyokichimba hutaka majina ya wageni rasmi yatangulie, kwa kufuata vyeo. Mama wa Vihingo anataka kujua maji yatatoka saa ngapi, ndoo ni shilingi ngapi, na pampu ikiharibika amwendee nani. Mwandishi akijaza ukurasa kwa vyeo, mama yule hakupata kitu. Akiviacha, huenda kesho akaitwa ajieleze. Hapo ndipo sisi watumishi wa serikali tunapopimwa. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Basi maji yatangulie, wageni wafuate.

Mfano wa pili ni korosho, zao wanalolijua watu wa Kisarawe. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mnada huwa na bei ya juu na bei ya chini, na mkulima hulipwa baada ya makato. Mwandishi akitaja bei ya juu peke yake, kichwa cha habari kitapendeza. Lakini mkulima akipokea fedha pungufu atamshuku karani wa chama cha msingi kuwa amemwibia. Hakuna uongo ulioandikwa, na bado watu wamegombana.

Waliotutangulia waliyajua haya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya kujifunza, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Wengi wao walikuwa wametoka tu kujifunza kusoma. Kwa hiyo walielezwa mambo ambayo mtu angeweza kuyatenda kwa jembe lake mwenyewe: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1974 likaanza Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasomaji wapya wa vijijini.

Siku hizi tatizo limeongezeka, maana simu huwahi kufika kabla ya mwandishi. Mvua ikinyesha, mtu mmoja husema barabara imekatika, na kila mwandishi hutaka kuwa wa kwanza kuitangaza. Fikirini mjamzito aliyetakiwa kupelekwa hospitali ya Tumbi, Kibaha. Kama barabara inapitika na sisi tumeandika haipitiki, atabaki nyumbani kwa ajili ya maneno yetu. Ni heri kuchelewa nusu saa, ukampigia simu dereva aliyepita pale asubuhi.

Wadogo zangu, mnaweza kuanza na gazeti la ukutani la shule hii. Kabla hujaandika, jiulize: nani atasoma, na akishasoma atafanya nini? Andika "saa 8 mchana", usiandike "saa 8" tu. Taja kiasi, mahali na mtu wa kuulizwa. Kisha mpe mwenzako ambaye hakuwapo akusomee. Akikuuliza swali, jibu lake liingie katika habari yenyewe, kwa sababu hutakuwapo kumjibu kila atakayesimama mbele ya ukuta ule.