Kilio cha Usiku Nyuma ya Lupango

Somo: Kumbukumbu la Torati 19:15-18

Leo tunawaletea jambo la nyumbani kwetu, na si jambo la kutusifu.

Kiangazi kilichopita kuku wetu walianza kupotea. Watatu katika majuma mawili. Na kabla ya kila mmoja kupotea tulisikia mlio usiku: huu, huu, kama bundi. Lakini haukutoka juu ya mti. Ulitoka chini, upande wa lupango ya jirani yetu, mama mzee, mjane anayeishi peke yake.

Ninyi mnajua yanayosemwa kwetu juu ya bundi. Sisi, baba na mama wa nyumba, watu tuliobatizwa miaka mingi, tulisema jikoni kwetu: "Kuku hawa hawaendi bure." Basi. Neno lilitoka jikoni likafika bombani kwa maji, na kabla ya Jumapili lilikwisha kupata jina la mtu. Watoto waliokuwa wakimchotea yule mama maji wakaacha. Kijana mmoja akasema afukuzwe. Tusifichane, wapendwa: hapa Kivu ya Kusini kuna wamama wazee waliopigwa, na wengine kuuawa, kwa neno lililoanza hivyo hivyo.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja akatuuliza swali moja tu: "Mliona nini kwa macho?" Tukanyamaza. Tulikuwa tumesikia mlio, tumekosa kuku, na yaliyobaki tuliyajaza wenyewe.

Tukaamua kukesha. Usiku huku kwetu si wa kutembea ovyo, kwa hiyo tulikaa ndani, dirisha limefunguliwa kidogo. Tulinyunyiza majivu mahali ua ulipotoboka, na karibu na kibanda cha kuku. Bondeni mchana wa Julai ni joto na vumbi, lakini kabla ya mapambazuko baridi inatafuta blanketi. Tulikesha zamu, mmoja akilala, mmoja akitazama.

Usiku wa kwanza hatukuona kitu, ila asubuhi majivu yalikuwa na nyayo. Zilifanana na za mbwa mdogo, alama za kucha zimeonekana wazi. Paka akitembea huficha kucha zake. Usiku wa tatu tukamwona mwenyewe: mbweha. Ana kimo cha mbwa mwembamba wa kijiji, rangi ya kijivu, mstari mweupe-mweupe ubavuni, na ncha ya mkia nyeupe kama imechovywa katika unga. Alisimama muda mrefu akisikiliza. Kisha akala papai lililoanguka, lote, akaacha ganda. Hatukujua kama mbweha anakula matunda! Akaenda penye pumba za mpunga, akatulia, akaruka, akakamata panya. Kuku hakuwatazama.

Tukaona pia jinsi mlio ulivyotudanganya. Aliinua kichwa akalia huu, na mwingine akamjibu kutoka mashambani. Mbweha wa aina hii hukaa mume na mke, na sauti yao inakaribiana sana na ya bundi. Lupango ya yule mama ndiyo ya mwisho kabla ya mashamba ya mpunga. Njia yao inapita kwake, hakuna zaidi. Wakati wa kiangazi majani yamechomwa na mpunga umevunwa, basi wanasogelea nyumba za watu kutafuta panya na takataka zetu.

Usiku wa sita alipita penye waya wa kibanda uliokatika, waya ambao kila siku tulisema tutautengeneza kesho. Alitia kichwa, akatoka na kuku mdogo, bila kelele. Tukamwangazia tochi, lakini alikwisha pita tundu la ua.

Huko London mbweha wekundu wanaishi mjini kabisa, na katika miezi ya baridi, wakati wao wa kutafutana, hulia usiku bustanini mpaka mgeni hudhani mtu anauawa. Wenyeji hufungua dirisha, wanatazama, wanarudi kulala.

Biblia nayo inamjua mnyama huyu. Samsoni alikamata mia tatu. Bwana wetu alisema mbweha wana mahali pa kulala kuliko alivyo naye. Lakini neno lililotuchoma halina mbweha ndani yake: Kumbukumbu la Torati linataka mashahidi wawili au watatu, na waamuzi wachunguze sana kwanza. Sisi tulihukumu bila shahidi hata mmoja, tena tukifunga na kuomba Jumatano.

Tulikwenda kwa mama asubuhi ile ile. Tulipiga magoti, tukasema yote, hata la jikoni. Alinyamaza kitambo, akasema: "Wanangu, mbweha huyo namjua tangu mume wangu yuko hai. Kwa nini hamkuniuliza?" Kisha akatuonyesha jinsi mumewe alivyopanga mawe kuzunguka kibanda chini, asiweze kuchimba.

Kwa kuwa neno letu lilitembea mpaka bombani, tulikwenda kuomba radhi bombani pia, mbele ya wamama wote na madumu yao. Wengine walicheka. Yule kijana aliondoka bila kusema kitu.

Jambo moja la afya, kabla hatujasahau: mbweha akija mchana bila woga, akiyumba au kutoa mate, msimkaribie, na watoto waingie ndani. Huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.

Waya umetengenezwa, mawe yamepangwa, na tangu hapo hatujapoteza kuku. Mbweha bado anapita. Watoto wetu wamerudi kumchotea mama maji, lakini wa nyumba nyingine mbili hawajarudi, na wazazi wao ni watu wa kanisa letu. Tumekwenda kwao mara mbili. Juma hili tunakwenda tena.