Kutangaziwa siyo kuulizwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba na wageni katika mkutano mkuu wa mutualite yetu



Nimeombwa niongee juu ya sekta na wananchi wake: namna habari inatoka biro kuja kwetu, na namna sauti yetu inafika biro. Musiseme haya ni mambo ya wanasiasa. Kodi ya soko, kisima, barabara ya kwenda shamba, vyote vinapitia pale.

Tuanze na sheria. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema sekta iko na viungo viwili: baraza lenye kuchaguliwa na wananchi, na komite ya utendaji inayoongozwa na shefu wa sekta. Baraza njo linapitisha bajeti na kuangalia kazi ya shefu. Grupema na kijiji hazina bajeti yao; mfuko uko kwa sekta.

Sasa, baraza hilo hatujalipata. Tarehe 20 Desemba 2023 walichaguliwa washauri wa komini katika miji mikuu ya majimbo tu. Sekta zilibaki nyuma. Kwa hiyo shefu wa sekta anawekwa na serkali, na hatuna mutu tuliyemchagua wa kumuuliza: feza ya soko imefanya kazi gani?

Habari inapita njia munayoijua. Biro inaambia shefu wa grupema, yeye anaambia shefu wa kijiji, kisha mpiga mbiu, kanisa, musikiti na redio. Kwa kushuka, njia hiyo iko mbio: salongo siku fulani, takse mupya ya soko, basi. Kwa kupanda, neno linakwama njiani.

Tena kuna jambo la daftari. Shefu wa kijiji anaita wale anaowafahamu: wazee wa ukoo, wenye nyumba, wakubwa wa kanisa. Mutu aliyerudi kutoka Nyarugusu, anayelala kwa shemeji yake akingojea kiwanja cha baba yake, hayuko kwenye daftari. Mujane naye ni vilevile. Siku wanaposema "wananchi wamekubali", hao hawakuwepo.

Muangalie mambo ya visima, tumeyaona zaidi ya mara moja. Mradi unakuja, wazee wanaitwa, wanaonyesha mahali, wanatia sahihi. Kisima kinachimbwa karibu na soko. Wamama wa ngambo ya mto wanaendelea kuchota mtoni. Ukiuliza, unaonyeshwa karatasi: jamii ilishauriwa. Karatasi ni ya kweli na sahihi ni za kweli. Waliokosa pale ni wale wenye kuchota maji.

Basi tutenganishe mambo mawili. Kutangaziwa ni kuambiwa jambo lililokwisha kukatwa. Kuulizwa kuko na alama tatu: unaitwa kabla ya kukata shauri, unaonyeshwa hesabu, feza ngapi iko na ngapi inabaki, na unarudishiwa jibu, hata kama jibu ni "hapana, kwa sababu hii". Ikikosa moja, bado ni tangazo tu.

Wale walioishi vijijini upande wa Kigoma wanajua kwamba sheria ya Tanzania inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi 3, na mapato na matumizi yasomwe. Sisemi kila kijiji kule kinatimiza. Lakini mwananchi anajua iko haki yake kuuliza. Hata hapa Kivu Kusini imewezekana: katika shefuri ya Luhwindja, teritware ya Mwenga, wananchi waliwahi kuitwa kwa ujumbe wa simu waje kuchagua kazi za kutangulia katika bajeti.

Na feza siyo ndogo siku zote. Kwa sheria ya madini ya 2018, 15% ya malipo ya madini ni ya sekta, shefuri ao komini yenye mgodi. Asiyejua hawezi kuuliza.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne.

Moja: kila selile iandike majina ya jamaa zilizorudi, impe shefu wa kijiji, na ibaki na nakala yenye muhuri.

Mbili: watu wawili, mmoja mwanamuke, waende kila mkutano na daftari, na ndani ya juma moja watusomee kwa Kiswahili. Karatasi nyingi za biro ni za Kifaransa, na wengi wetu hatukisikii.

Tatu: tuombe bei za takse za soko zibandikwe sokoni, kwa Kiswahili, na kila muuzaji apewe risiti.

Ine: mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Januari. Ukienda Februari, umeenda kulia tu. Tuandike barua zetu mapema, barua moja, ulizo moja.

Wafadhili wetu, nanyi muko na kazi. Mukionyeshwa sahihi, muulize wamama walikuwa wangapi, na walitoka upande gani wa mto. Mufike mtoni wenyewe. Na bei ya mradi ibandikwe pale pale kijijini.

Hatuendi kwa shefu kupigana. Naye anafanya kazi bila baraza, anasikia wale wanaomfikia. Basi tumfikie. Na twende pamoja na wandugu waliobaki hapa wakati wa vita, tusiende kama kundi la wageni. Takse ya soko hawaulizi nani alikimbia na nani alibaki.

Naomba pendekezo la kwanza lipigiwe kura leo, mbele hatujatawanyika.